VCD za Vifuko vya Khanga

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, ilikuwa Alhamisi, na naikumbuka mpaka shati nililovaa, kwa sababu lilirowa jasho kabla sijatoka nje ya nyumba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na nne. Nilikuwa nimerudi Muscat kutoka masomoni na shahada yangu ndani ya bahasha, na kazi sijapata. Ofisi moja ilikuwa imenifanyia usaili ikaniambia itanipigia, basi nikawa nashinda karibu na simu ya nyumbani. Ikilia, naogopa ni wao. Isipolia, naogopa wamenisahau. Wewe unaniona leo na mvi hizi unadhani nilizaliwa na utulivu. Sivyo. Hata sasa nikitoka hurudi kuangalia kama nimefunga gesi, na mke wangu ameshachoka kunicheka.

Mtu mwenye wasiwasi akikosa kazi hujitafutia. Mimi niliitafuta ndani ya kabati la mama.

Miaka ile kila nyumba ya jamaa zetu ilikuwa na VCD. Huenda wewe hukuziwahi: zilikuwa sahani za kung'aa kama CD za muziki, ila zenye picha. Zilikuja baada ya kanda, zikatawala kwa muda, kisha zikaja DVD, umbo lile lile lakini zenye nafasi kubwa zaidi. Harusi moja ilikuwa ikijaza VCD tatu. Ukifika pahala patamu picha inakatika, mtu anainuka kwenda kubadilisha. Na sahani ikichubuka, uso wa bibi harusi ulivunjika vipande vya mraba kama vigae vya chooni.

Nilinunua deki ya DVD. Ilizisoma VCD za dukani bila taabu, lakini zile za harusi, zilizonakiliwa majumbani, ilizitema moja baada ya nyingine. Hapo ndipo wasiwasi wangu ukapata chakula. Nikafikiri siku kumi na moja. Nikaandika waraka wa kurasa tano kueleza kwa nini VCD zikomeshwe nyumbani kwetu: kwamba maduka ya Ruwi, mtaa wetu wa biashara, yameanza kuzipunguza, kwamba zinaliwa na ukungu, kwamba iko siku deki zake hazitapatikana tena, na harusi zetu zote zitabaki vioo vya kujitazamia. Nikausoma sebuleni mbele ya mama na bibi yangu, mama yake mama, aliyekuwa akichambua mchele.

"Umemaliza?" akauliza Bibi.

"Nimemaliza."

"Mimi nilidhani unaomba mke. Kurasa zote hizo kwa ajili ya deki?"

Mama akacheka, akasema nifanye ninavyoona, mradi harusi ya dada yangu Nasra isipotee. Nasra alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia, mimi niko ng'ambo kwenye mitihani, kwa hiyo sikuihudhuria.

Nikalifungua kabati. Nilikuta VCD nyingine ziko kwenye maganda ya plastiki, na nyingine zimo ndani ya vifuko vilivyoshonwa kwa vipande vya khanga na kufungwa kwa uzi. Nikaona vile vifuko ni ushamba mtupu. Nikazitoa zote, nikazipanga kwenye mkoba wa zipu wenye mifuko ya plastiki, nikazipa namba. Kwa kalamu ya rangi gani, hilo nalo nililifikiri sana. Jumatano jioni nikazipeleka duka moja la video Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi. Fundi alikuwa Mkenya, jina lake Musyoka.

"Zote zihamishie kwenye DVD," nikamwambia. "Na hizi za zamani ukimaliza zivunje."

"Zote, boss?"

"Zote. Nyumba ikiwa na aina mbili, watu hawaachi ya zamani."

"Lakini mbona uvunje kitu bado inafanya kazi?"

"Nimeshalifikiria," nikamjibu, na nikatoka dukani kifua mbele.

Sasa njoo Alhamisi yenyewe. Karibu na saa saba mchana Nasra akaingia. Mama mkwe wake alikuwa amepata wageni kutoka Unguja, wanawake watupu, nao walitaka kuiona harusi. Akaenda moja kwa moja kabatini, akatoka na vifuko vitatu mkononi.

"Mbona vitupu hivi?"

"Zimo Ruwi," nikasema kwa furaha. "Zinageuzwa DVD."

"Nani anazigeuza? Mwanamke?"

"Fundi mmoja, Musyoka."

Nasra akakaa chini sakafuni, vivyo hivyo na buibui lake. Mama akaja kutoka jikoni, akaviona vile vifuko, akaweka mkono mdomoni. Nikawa natazama huku na huku kama mgeni asiyejua lugha.

Ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kila mwanamke wa ukoo wetu alilijua. VCD za kwenye plastiki zilikuwa za upande wa wanaume: akdi ya ndoa msikitini, kanzu na vilemba, watu wanakula. Za kwenye vifuko zilikuwa za upande wa wanawake. Humo ukumbini hakuna buibui wala mtandio. Kuna mama yangu, shangazi zangu, wakwe na mabinti zao, nywele zimetengenezwa, mabega wazi, wanacheza. Aliyepiga picha alikuwa mwanamke, na aliyezinakili ni huyo huyo, nyumbani kwake. Kifuko maana yake ilikuwa moja: hiki hakifunguliwi na mwanamume, na hakitoki ndani isipokuwa mkononi mwa mwanamke. Desturi hiyo ilianza mimi nikiwa masomoni, na hakuna aliyedhani inafaa kuelezwa, kama vile mtu hakuelezi kwamba chumvi ni chumvi.

"Mama mkwe wangu kwanza alikataa kupigwa video," akasema Nasra, sauti imeshuka kabisa. "Mimi ndiye niliyemwapia. Nilimwambia haitoki mikononi mwa wanawake. Kwa ulimi wangu, mbele ya binti zake."

Nikapiga simu dukani. Haikupokelewa. Saa saba ilikuwa imeshapita, na Muscat nzima ilikuwa imefunga kwa mapumziko ya mchana. Nikachukua ufunguo wa gari. Bibi naye akawa anavaa buibui.

"Nakwenda na wewe," akasema. "Ukenda peke yako na roho hiyo utaingia mzunguko wa Ruwi usijue pa kutokea."

Tukafika, mlango wa chuma umeteremshwa. Kufunguliwa ni saa kumi na nusu. Mwanangu, hujui urefu wa mchana mpaka umengoja mbele ya duka lililofungwa, ndani ya gari, na mtu mwenye haki ya kukukasirikia ameketi pembeni yako anamimina kahawa.

Maana Bibi alikuwa amechukua chupa yake ya kahawa. Alikunywa taratibu, anatazama barabara tupu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema.

"Huenda ameshazinakili, Bibi. Akampa rafiki yake. Rafiki naye akampa mwenzake wa Ghala, wa Ghala akampa mwenzake wa Rusayl..."

"Na huyo wa Rusayl kampa nani?"

"Sijui."

"Basi mwache apumzike, katoka mbali."

Sikucheka. Nikaanza kuhesabu nyuso zilizomo ndani ya sahani zile, moja moja, nikafika kwa mama mkwe wa Nasra nikakwama. VCD ni nyepesi mno. Ikinakiliwa mara moja tu haikusanyiki tena. Na dada yangu angeishi na neno hilo nyumba ile miaka yote: binti wa watu aliapa, na kiapo chake kiliuzwa Ruwi.

Alasiri ikaadhiniwa. Nikaenda kuswali msikiti wa jirani, na niliporudi nikamkuta Bibi keshaswali pale pale kitini. Akafunga kifuniko cha chupa, akanigeukia.

"Nikuulize, mjukuu wangu. Ulifikiri siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na kuuliza, uliuliza dakika ngapi?"

Nikaushika usukani wa gari lililozimwa.

"Vile vifuko nimevishona mimi, kwa mkono wangu. Ungeniambia, 'Bibi, hivi vya nini?' ningekujibu hata mchele sijauweka chini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe hukuwa kata. Ulikuwa huko kwenye baridi unasoma, si kosa lako. Kosa lako ni kuona kitu hukijui, ukakiita ushamba."

"Niliogopa zisipotee, Bibi. Nilitaka kuzihifadhi."

"Najua. Mtu mwenye khofu hufikiri sana, na anadhani kule kufikiri ni kushauriana. Kufikiri peke yako ni kujiuliza na kujijibu. Hakuna anokukatalia huko." Akaiweka chupa miguuni. "Na mimi siikatai hiyo DVD yako. Wazee wamesema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini msala ukishakaa, mbachao, huo mkeka mkuukuu, utakunjwa tu. Waukunje wenyewe wanaoukalia."

Hakuniinulia sauti hata mara moja. Ingekuwa afadhali angeniinulia.

Saa kumi na nusu ikapita na dakika zake. Musyoka akaja anatembea, funguo zinaning'inia kidoleni. Niliruka kutoka garini hata mlango sikuufunga.

"Boss, si nilisema Jumamosi?"

"Zile VCD. Umezitazama?"

Akamwona Bibi anakuja nyuma yangu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Kisha akainua mlango wa chuma, akaingia, akafungua droo, akatoa bahasha ya kaki iliyozungushwa utepe wa gundi pande zote. Juu ya gundi alikuwa ametia sahihi yake, nusu kwenye gundi na nusu kwenye bahasha.

"Hizi tatu sikufanya," akasema. "Niliweka ya kwanza, ikatoka maua na majina, vile hizo video huanza. Halafu nikasikia vigelegele na ngoma, na sauti ya mwanaume hakuna hata moja. Nikatoa hapo hapo. Mbili zingine sikuweka kabisa."

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Si nimeendesha gari ya familia ya hapa miaka minne kabla nipate hii kazi? Nikitumwa kupeleka video ya kina mama nilikuwa napewa imefungwa, naambiwa mpe mama mwenyewe mkononi. Nilikupigia asubuhi nikuulize, simu yako iko bize tu. Nikapiga tena, bize."

Hapo nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nikiinua mkono wa simu kila baada ya dakika chache kuhakikisha kama laini inafanya kazi, na safari moja nikauweka vibaya.

"Na zile nyingine? Umezivunja?"

"Nivunje aje, na hujaona DVD kama imetoka sawa? Kitu ya mtu huwezi vunja kabla mwenyewe hajaona."

Bibi akaipokea ile bahasha. Akaigeuza, akapapasa gundi kwa kidole gumba upande mmoja, upande wa pili, mpaka pembeni. Haikuwa imeguswa. Akaitia ndani ya buibui lake.

"Mama yako yu hai?" akamuuliza Musyoka.

"Yuko, mama. Yuko nyumbani, Machakos."

"Basi mpigie leo. Mwambie kuna bibi mmoja Muscat anamsalimu, anamwambia kazi yake ameifanya vizuri."

Musyoka akacheka kwa haya. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nilihisi mwili mwepesi kama mtu aliyeshushwa gunia la mchele mabegani. Nikaomba simu ya dukani nikampigia Nasra.

"Zimepatikana," nikasema. "Hazikutazamwa. Bahasha ina gundi na sahihi, Bibi ameikagua."

 Nikamsikia anavuta pumzi, na analia kidogo, na anacheka.

"Njoo nazo," akasema. "Mama amepika. Na wewe leo unakula mwisho."

Nikala mwisho, na sijapata kula wali mtamu kama ule.

Nasra mwenyewe ndiye aliyezihamisha zile tatu kwenye DVD, kwa kompyuta yangu, chumbani kwa Bibi, mimi nimekaa ukumbini nikimtajia kwa sauti kitu cha kubonyeza huku sioni chochote. Halafu akawafanyia shangazi zetu. VCD hazikukoma mwaka ule. Bibi aliniamuru kwanza niulize nyumba kwa nyumba nani bado anaitegemea deki ya zamani, na kumbe walikuwapo: shangazi wa Seeb aliyekuwa nayo hiyo hiyo moja, na jirani yetu mjane aliyezoea vitufe vyake na hataki vingine. Tukangoja. Mmoja mmoja wakahama, kwa miguu yao, na ile deki ya mwisho ilipowekwa stoo hakuna aliyenung'unika.

Unaniuliza, basi, kama vitu vya zamani vikomeshwe. Vikomeshwe, mwanangu. Mimi siombolezi VCD, na zile kurasa tano zilikuwa na ukweli mwingi. Kilichokosekana ndani yake ni sauti ya mtu mwingine hata mmoja. Kila chombo kikongwe kina watu ndani yake, na kina watu bado wanaokishika. Kabla hujakitoa, waulize wa ndani wamekabidhi nini, na wanaokishika wanakitumiaje. Kuuliza si ujinga, na hakuchukui siku kumi na moja. Ukiona jambo hulielewi katika nyumba uliyozaliwa, usilicheke haraka. Huenda ni mlango, na nyuma yake kuna aliyekuamini. Usivunje cha zamani kabla cha kipya hakijathibiti mkononi. Na ukiwa na moyo wa wasiwasi kama wangu, usijilaumu sana. Wasiwasi si dhambi. Utoe tu kichwani mwako, uuweke mbele ya watu, uone utakavyopungua.

Mwenyezi Mungu akupe akili ya kufikiri na ulimi wa kuuliza. Akukutanishe na watu waaminifu siku utakayokosea, kwa maana utakosea. Akusitiri wewe na walio nyuma yako, na kila ulichokabidhiwa kirudi kwa mwenyewe kikiwa kizima. Amin.