Bango la Jaji Ruckel

Kwenye vilima vya Kentucky, Marekani, mjini Pigeon Lick, hakuna paa ambalo Delmer Sizemore hajalipanda. Ukimpa nafasi atakwambia la kanisa alilitengeneza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mkate wa mahindi. Mwongo mkubwa, ila paa halivuji.

Jabali huyu alikuwa na bango la kampeni mbele ya nyumba, maana huko hata majaji huchaguliwa kwa kura: OTHA NAPIER AWE JAJI. Otha ni rafiki yake wa utotoni, wamewinda kulungu pamoja hadi wakaota mvi. Ndipo Tanner, mwanawe Delmer, akalewa na kuligonga gari la polisi lililoegeshwa. Kesi ikaangukia kwa Jaji Ruckel, yule yule anayegombea kiti na Otha.

Karani wa mahakama alimkuta Delmer dukani.

"Mwanao anasimama kwa Ruckel Jumatatu, sivyo? Na Jumapili Ruckel hupita kwako akienda kanisani." Akakoroga kahawa. "Mimi sijasema kitu. Ila macho anayo."

Jumamosi asubuhi Delmer alilichomoa bango la Otha, akaanza kugongelea la Ruckel. Fundi mzima, nyundo ikawa inakosa!

"Si ungengoja giza?" mkewe Loretta alimtupia swali kutoka mlangoni.

"Gizani misumari nitaionaje?"

"Na Otha je, mume wangu?"

Kabla hajajibu, gari la Otha likasimama. Delmer alitamani ardhi immeze, buti na kofia.

"Otha, ndugu yangu, ni huyu Tanner…"

"Najua." Otha akampokonya nyundo. "Umelisimamisha kilevilevi. Atadhani unamdhihaki." Akalinyoosha bango la mpinzani wake, akaligongelea mpaka likasimama wima.

Delmer hakujua mikono aiweke wapi. "Ungekuwa wewe jaji," akauliza, "ungetazama mabango ya watu?"

Otha alimrudishia nyundo bila kumwangalia. "Sijui, Delmer. Leo njiani nimetazama kila nyumba."

Akaondoka. Hakupunga mkono.

Jumapili Delmer alisimama kando ya barabara na shati lake la kanisani. Gari la Ruckel likapunguza mwendo, honi ikalia. Na Delmer Sizemore, ambaye gavana alipopita hapo hata kichwa hakuinua, alivua kofia akaikumbatia kifuani, akatabasamu mpaka gari likapotea kwenye kona. Alipogeuka, Loretta alikuwa amekwisha kufunga pazia.