Boti la Dada Lililozimika Ziwani

Mimi ni fundi wa magari mtaa wa Mfaranyaki, na nikiri mapema kwamba nina hasira za karibu na mdomo usiotulia. Mteja akilalamikia ubovu nisiouona, namwambia mbovu ni yeye anayeendesha. Wengi wamenivumilia. Dada yangu ndiye aliyenivumilia kuliko wote, na sikujua.

Dada alikuwa karani hapa Songea. Siku moja akaacha kazi, akanunua boti la mtumba lenye injini ya petroli ndani kabisa, katikati, imefunikwa kama injini ya gari, akahamia Mbamba Bay. Kazi yake ikawa kuwavuta wageni kwa kamba juu ya Ziwa Nyasa, wamesimama kwenye mbao za kutelezea, wakianguka na kucheka. Baba, mkulima wa Mpitimbi, alimchangia nusu ya bei huku amenuna. Mimi ndiye niliyelikagua boti, nikajaza tangi, nikalisindikiza kwenye lori mpaka ziwani.

Hazikupita wiki mbili akanipigia simu.

"Mdogo wangu, injini inaishiwa nguvu. Inaenda vizuri kama robo saa, halafu inalegea, inazima. Nikisimama nikaangalia mafuta, yapo. Nikiwasha, inaenda kama haijawahi kuumwa."

"Unavuta mafuta kwa pupa," nikamwambia. "Hiyo siyo bodaboda, dada."

Akakubali, akaendesha taratibu, ikazima vilevile. Nikamtumia plagi mpya kwa basi. Nikamtumia chujio la mafuta. Nikamtumia na pampu, fundi wa kule akaifunga, injini ikazima. Kila akipiga simu nilimpa somo lilelile la uendeshaji, tena kwa sauti ya juu, mafundi wenzangu wakisikia. Miezi miwili mizima dada yangu aliitwa hajui kuendesha, naye akijibu, "Haya, nitajitahidi."

Kisha likamkuta kubwa. Injini ilizima mbali na ufuko, amebeba watoto wanne wa mgeni mmoja, na ziwa limeanza kuchafuka. Wavuvi ndio waliowafunga kamba wakawaburuta mpaka nchi kavu. Habari zikafika Mpitimbi kabla hazijanifikia mimi.

Baba akaja gereji asubuhi yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lile boti lilete hapa ulitengeneze. Likizima tena kabla ya Jumapili, injini inatoka, naenda kuifunga kwenye mashine ya kusaga. Bodi litakuwa hori la nguruwe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sitaki siku moja niitwe kule kumtambua mwanangu," akasema, akaondoka bila hata kukaa.

Boti likapanda na lori mpaka Mfaranyaki, na dada juu yake. Kwa siku tatu gereji yangu ikawa maonyesho. Kina mama wakitoka sokoni walisimama kuuliza kama tumepata habari za gharika. Mtu mmoja wa bodaboda aliniomba nimpakie mpaka Madaba, maana barabara ina vumbi. Mimi nilikuwa bize. Niliingiza mpira wa maji ya bomba kwenye njia ya kupoozea injini, na kwa kuwa tangi lilikuwa limejibana huko nyuma, nikaiunganishia injini kidumu cha mafuta pembeni, kiko wazi, ili nione inavyokunywa. Ikanguruma toka asubuhi mpaka mchana bila kukohoa. Majirani wakapiga makofi.

"Unaona?" nikamwambia dada mbele yao. "Injini nzima hii."

Akaitazama injini, kisha akanitazama mimi. "Basi mimi ndiye mbovu," akasema polepole. "Mwambie tu baba aichukue."

Hapo moyo ulinichoma kidogo. Sikutaka kumwambia baba neno hilo. Nikasema twende wote ziwani, Jumamosi, nikaone mwenyewe huyo dereva anavyoendesha.

Ziwa lilikuwa limetulia. Nikakaa karibu na injini, masikio yote kwake, dada kwenye usukani. Alikuwa anaendesha vizuri kuliko mimi ninavyoendesha gari, na hilo lilinikera. Robo saa ikapita. Ghafla injini ikalegea, ikahema, ikazima, tukabaki tunaelea.

Dada aliacha usukani. Alikwenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, nikasikia hewa ikiingia kwa kishindo, fyuuu. Akachomoa kipande cha nailoni kilichokuwa chini ya kifuniko, akachungulia mafuta, akakikunjua kile kipande vizuri, akakirudisha kwenye mdomo wa tangi na kufunga kwa nguvu.

"Hiyo nailoni ya nini?" nikauliza.

"Si ni yako? Uliiweka wewe siku tunakuja. Nimeitunza hivyohivyo. Ikichanika nakata nyingine."

Huku kwetu hakuna anayesafiri na kidumu bila nailoni chini ya kifuniko. Iwe asali, mafuta ya kula au petroli, tunaziba ili kilichomo kisimwagike kwenye kona. Siku ile tukiwa kwenye lori nilisikia harufu ya petroli, mikono ikaziba yenyewe bila kuuliza kichwa. Lakini kifuniko cha tangi la boti kina tundu dogo la kupumulia. Hewa isipoingia, mafuta hayatoki, injini inakauka. Dada akifungua kuangalia, tangi linapumua, safari inaanza upya. Na mimi gereji nilikuwa nimetumia kidumu kilicho wazi, nikapigiwa makofi.

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Ningeweza kuitia mfukoni ile nailoni nikabaki fundi hodari. Nikafungua kifuniko, nikaivuta, nikamshikisha mkononi.

"Dada, ni mimi. Tangu siku ya kwanza ni mimi. Nisamehe."

Nilipomaliza kumweleza, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka ghafla, akarudi kwenye usukani, akavuta mafuta mpaka mwisho. Tuliendesha saa nzima bila kusimama. Hakugeuka kunitazama, na injini haikulegea hata mara moja.

Ufukoni nikampigia baba, nikamweleza yote bila kupunguza. Akaniuliza:

"Na umemwambia mara ngapi kwamba hajui kuendesha?"

"Nyingi, baba."

"Mpe simu."

Dada akasikiliza, akanipa mgongo ili nisimwone uso. Aliponirudishia simu macho yalikuwa mekundu, anatabasamu.

"Amesemaje?"

"Anakuja kesho, akitoka misa," akasema. "Anataka abiria wa kwanza awe yeye."