Nyasi Mkononi mwa Yule Mama

Kabla uniambie nilikuwa nimelewa, njoo Kitengela uone mguu wa binamu yangu Njoroge, ama pale mguu ulipokuwa. Mimi sidanganyi, na hasira bado niko nayo.

Tulikuwa tunauza posti za fensi Kisaju. Kila mtu akinunua ploti anataka posti ya mtarakwa, kwa sababu mchwa hawaili. Na mitarakwa ya zamani imebaki wapi? Juu mlimani, kwa msitu wa serikali, mahali huruhusiwi hata kuokota kuni. Tukaenda. Ilikuwa saa sita mchana, ukungu umeshuka mpaka huoni mbali.

Njoroge alikuwa ameshawasha msumeno wa mashine wakati mama mmoja Mmaasai alisimama kati yake na mti. Sisi tumelowa chapachapa, shuka yake kavu. Nikamsalimia, "Takwenya." Hakuitikia. Mmaasai gani anakataa salamu? Alinyoosha tu mkono, ameshika nyasi mbichi.

Hata sisi tuliotoka Kiambu tunajua: mtu akikushikia nyasi anaomba amani, na wewe unaacha unachofanya.

"Njoro, zima. Anaomba."

"Aombe kwingine." Akaupiga teke ule mkono, akakanyaga nyasi, akaanza kukata.

Niamini, amefanya hiyo kazi miaka mingi. Msumeno uliruka ukamshika chini ya goti, na hata alipouachilia uliendelea kula. Nilisikia mfupa. Nikafunga paja lake na mshipi wangu, nikambeba mgongoni, nikateremka mbio. Mara tatu nilijikuta tena kwa ule mti, mama amesimama palepale. Njoroge alikuwa anaanza kupoa. Nililia kama mtoto.

Ndio nikapiga magoti, nikazitafuta zile nyasi kwa unga wa mbao uliojaa damu yake, nikamnyooshea kwa mikono miwili. "Yeyo, mama, tusamehe."

Alizitazama sana. Halafu akasema, "Iko." Alikuwa anaitikia ile salamu yangu.

Ukungu ukafunguka. Barabara ilikuwa hapo chini tu.

Njoroge yuko hai. Siku hizi tunauza posti za simiti. Lakini kila asubuhi nikifungua geti napata nyasi mbichi chini, hata ule mwaka wa kiangazi, ng'ombe wakifa na Kajiado yote ikiwa vumbi. Siwezi kuzikanyaga. Naziinua, naziweka juu ya ukuta.

Kwa hivyo wewe mwenye msumeno, mtu akikushikia nyasi, zima. Mara ya pili utakuwa unaomba wewe.