Wimbo wa Mama Redioni

Kwetu Ihanja wimbo wa kupura uwele ulikuwa na mwenyewe. Kila aliyetaka kuuimba uwanjani alianza kwa kumtaja aliyeutunga, ndipo fimbo zianze kushuka. Jina liliachwa kwa sababu moja tu: mwenyewe akifariki. Msimu ule wa msiba wimbo uliimbwa bila jina, na mpita njia akisikia hivyo alitua mzigo wake akaja kutoa pole. Mama yangu alikuwa na wimbo mmoja wa Kinyaturu, mfupi, wa kumcheka mwanamume anayefika shambani kazi ikishaisha. Aliupenda kuliko vitenge vyake vyote.

Rafiki yangu nilimpata Mandewa, Singida mjini, nilikohamia kwa shangazi kujifunza cherehani. Zilikuwa enzi za ruksa: mitumba imejaa sokoni, kaseti za ng'ambo zinarudufiwa kila kona, na vijana wamejifungia ndani wakiimba kwa kufokafoka kwa Kiswahili. Wakubwa waliuita muziki wa wahuni. Ulivuma kidogo, ukafifia, na kundi letu likabaki watu wawili, yeye mwenye maneno na mimi mwenye sauti. Tulifanyia mazoezi stoo ya fundi redio, katikati ya redio mbovu. Siku moja alikosa kiitikio, nikamwimbia wimbo wa Mama. Aliruka juu kwa furaha akagonga kichwa kwenye rafu.

Nilimweleza kuwa wimbo una mwenyewe, na maana ya kuliacha jina. Wakati ule alikuwa bado na adabu. Tulidandia lori hadi Ihanja akauombe mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe unayegombana na redio?"

Alipoomba, Mama alimpa fimbo apure. Alipura vibaya, punje zikamrukia machoni, wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwishowe Mama akasema, "Uchukue. Ila jina langu usiliache."

"Siwezi, mama. Nitalitaja mpaka ulichoke."

Nilimpenda siku ile. Ninalisema hili wazi ili mjue kilichoniuma baadaye.

Kaseti yetu ilianza na jina la Mama. Ilifika mpaka Itigi, ikapigwa kwenye vilabu karibu na stesheni, na Mama akawa anasalimiwa na watu asiowajua. Kisha zikaja redio za watu binafsi Dar es Salaam, zikautafuta muziki wetu uliokwisha kuzikwa, zikaufufua na kuuita bongo fleva. Wale wale waliotuita wahuni wakaanza kuucheza harusini. Rafiki yangu akabeba kaseti akapanda basi. "Nikifika tu nakuita, dada," alisema. Nikaanza kujishonea gauni la jukwaani.

Hakuniita. Kilichokuja ni wimbo. Nilikuwa nyumbani Ihanja wakati wa mavuno, uwanja umejaa watu, na jirani ameweka redio juu ya kinu kilichofudikizwa. Mdundo ulipoanza niliutambua kabla ya wote.

"Nyamazeni!" Mama alipaza sauti. "Ananitaja sasa!"

Walinyamaza. Likatajwa jina la rafiki yangu, likatajwa la studio, kisha msichana mwingine akaimba kiitikio changu kwa Kinyaturu cha mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Mama alibaki ameshika fimbo hewani.

"Labda watanitaja mwisho," alisema.

Tukasubiri mwisho. Likaja tangazo la sabuni.

Wiki ile ile ndugu zetu wa Mitundu walifika wakiwa wamebeba unga na kuku, wanalia tangu barabarani. Walikuwa wamesikia redioni wimbo hauna jina. Mama akatoka uwanjani kuwapokea, mikono imejaa makapi, na mdogo wake akapiga ukelele akaanguka. Baadaye kila mtu alicheka. Mama alicheka pia, akawasongea ugali wa unga wa msiba wake mwenyewe na kuwapa maziwa. Ila tulipokuwa jikoni wawili alinigeukia.

"Yule mwenzio," aliuliza, "nilimkosea nini?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile niliivaa mwenyewe nikampelekea mama yangu.

Rafiki yangu alirudi Singida kufanya onyesho. Nilimkuta nyuma ya ukumbi amevaa miwani ya jua, na ndani hakukuwa na jua. Nikamuuliza jina liko wapi.

"Dada, prodyuza alisema jina la mama wa kijijini linaharibu mwanzo. Tutaliweka kwenye albamu."

"Watu wamekuja kumlilia. Umemtangaza amekufa."

"Lakini si yupo hai? Sasa shida nini?"

Angekuwa hajui desturi ningemsamehe. Lakini alipigwa na punje za uwele machoni kwa ajili ya jina lile. Nilimwambia asitokee tena mbele ya macho yangu, na hilo walau alilitimiza. Albamu ilitoka, jina halikuwamo. Mama hakuuimba tena wimbo wake. Wenzake wakiuanzisha kwa jina lake, alikuwa anajifanya anakwenda kuchota maji.

Alifariki miaka mingi baadaye, uwele ukiwa umekauka shambani. Siku ya kupura tulisimama uwanjani, mimi na wanawake waliomjua, tukauimba bila jina kama inavyotakiwa. Njiani akapita kijana na baiskeli yenye gunia la vitunguu. Nikamwangalia, nikingoja atue mzigo.

Alitabasamu, akaitikia kiitikio chote kama alivyokizoea redioni, bila kukosea, akatupungia mkono, akaendelea kukanyaga baiskeli yake.