Kugeuka Ndotoni

Watu wakiniuliza ni nani alinifundisha kusoma, nawataja walimu wangu kwa heshima zote. Aliyenifundisha kulala, hakuna anayemuuliza. Alikuwa mjane mzee, Mprotestanti, aliyekaa upande wangu wa kushoto kwenye meza ya kuchagua kahawa katika depo moja ya Butembo, miaka ile ya vita. Mimi si mtu wa kushukuru upesi, shangazi yangu atakuwa shahidi. Lakini huyu nimemshukuru kila siku, na bado naona haitoshi.

Tulikimbia Beni asubuhi moja, mimi na shangazi, dada ya baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Risasi zilianza wakati maharage yameiva, na shangazi, ambaye haachi chakula hata mbele ya bunduki, alinitwika sufuria kichwani ikiwa bado moto, juu ya ngata ya majani ya migomba. Baba alisema tutangulie, yeye afunge nyumba kisha atufuate. Tukiwa barabarani nikamsikia ananiita. Aliita jina langu, halafu akasema jambo jingine ambalo sikulisikia vizuri. Sikugeuka. Mwenye sufuria iliyojaa kichwani hageuki ovyo, na niliogopa kumwaga. Baba hakutufuata, na mpaka leo hakuna aliyetuambia aliishia wapi.

Tulipopata chumba kule Vulamba, mtaa wa Butembo, ndoto ikaanza. Barabara ile ile, sufuria ile ile, baba ananiita nyuma, na shingo yangu imekataa. Nilipiga kelele hadi majirani wakagonga ukuta. Kelele ningezivumilia. Kilichonitisha ni kwamba uso wa baba ulikuwa unanitoka. Picha zote zilibaki kwenye nyumba. Mwaka ulipokwisha nilikumbuka kofia yake, viatu vyake, hata kikohozi chake, lakini nikitafuta uso chini ya kofia sikuti kitu. Nilijua kwamba nisipojifunza kugeuka mapema, hata ndotoni sitakuta mtu wa kumtazama.

Nami nikapata kibarua cha kuchagua kahawa pale depo, na mjane aliniona nasinzia juu ya ungo, akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote, maana nilikuwa nimechoka kuficha. Hakunipa pole.

"Ile ndoto iko yako," alisema. "Juu ya nini unaacha ikuchunge sawa mbuzi? Mutu anaweza jua kama iko nalota. Akishajua, anafanya kile anataka."

"Anajua namna gani, koko?" nikauliza, maana kwetu bibi mzee huitwa koko.

"Anajifunza. Sawa vile ulijifunza kahawa."

Somo la kwanza lilikuwa la kuamka. Nisimsemeshe mtu yeyote asubuhi kabla sijamletea yeye ndoto yangu nzima, kwa sababu ndoto ikishakutana na salamu inatawanyika. Basi shangazi alinisalimia, nami nikapita kimya kama bubu, mdomo nimeufunga hadi depo. Aliniita mwenye kiburi. Hakukosea sana.

Somo la pili lilikuwa la alfajiri. Shangazi alipoamka kwenda misa ya kwanza, nami niamke, nikae kidogo kitandani, kisha nirudi kulala nikisema moyoni: nikiona sufuria, nitajua. Mjane alisema usingizi wa saa ile ndio ulio karibu na mlango. Ilimfurahisha sana kwamba kengele ya Wakatoliki ilikuwa inamfanyia kazi Mprotestanti bila malipo.

Somo la tatu lilikuwa la alama. Nitafute kitu kimoja ambacho kwenye ndoto hakifanani na vile kilivyo mtu akiwa macho. Mimi nikaipata siku hiyo hiyo, na nikajivuna. Butembo iko juu, asubuhi meno yanagongana. Beni iko chini, kuna joto. Ndoto yangu ni ya Beni siku zote. Kwa hiyo nikisikia baridi niko macho, nikisikia joto naota. Niliona hata walimu wa shule wangenipigia makofi.

Siku chache baadaye njia ikatulia kidogo, na shangazi akanipeleka Beni ili tuone kama nyumba imesimama na tuulize habari za baba. Nilisinzia juu ya mizigo ya kamio, lori lililotubeba. Nilipofumbua macho, sweta ilikuwa inanichoma mgongoni, jua lilikuwa kali, na tulikuwa tumeshushwa kwenye bariere, kizuizi cha wanajeshi. Nikasikia joto. Nikafurahi mno, kwa sababu nilijua: naota. Nikampita shangazi, nikamwendea mwanajeshi mwenye bunduki aliyesimama katikati ya njia, nikamwambia kwa sauti ya mwenye mali:

"Toka mu njia yangu. Weye uko ndoto tu."

Mwanajeshi alinitazama, akamtazama shangazi, akamuuliza kwa Kilingala, "Mwana oyo aza liboma?" Yaani, mtoto huyu ni kichaa? Shangazi, aliyechukia uongo kuliko dhambi zote, akajibu bila kumeza mate, "Ndiyo, chef, tangu alizaliwa," akanipiga kofi ambalo lilimaliza mashaka yangu yote. Katika ndoto mtu haumii namna ile. Mwanajeshi akacheka, tukapita. Nyumba ilikuwa imesimama bila milango wala paa, na majirani hawakuwa na habari yoyote. Tulirudi Butembo, na njiani ndipo nilipoelewa kile ambacho kingeweza kutokea pale bariere.

Mjane aliposikia, alicheka hadi akaifuta miwani yake kwa kitenge. Kisha akaacha kucheka na kunishika mkono.

"Unisamehe, mutoto yangu. Nilikuacha uchague weye mwenyewe. Joto ni ya Mungu, anapatiaka kila mutu. Tafuta alama iko yako."

Alama yangu, akasema, ni huu mkono. Tangu siku ile, kila nilipotoa punje nyeusi kwenye ungo, nilitazama kiganja changu na kujiuliza: niko macho, au naota? Halafu nikageuza macho, nikatazama tena. Kwa aliye macho, mkono haubadiliki. Siku nzima, punje baada ya punje, mamia ya mara, na kujiuliza kwa kweli, si kwa mdomo tu. Shangazi alipopata habari alisema Waprotestanti hawana rozari, kwa hiyo wanasalia kahawa.

Zilipita wiki nyingi. Kisha alfajiri moja, barabarani, nikainua mkono kushika sufuria, na mkono wenyewe ukakumbuka kazi yake. Nikautazama: vidole saba. Nikatazama tena: vinne. Nikajua, nikapiga kelele ya furaha, nikaamka.

"Ukishajua, hapana ruka," mjane aliniambia. "Sugua mikono pole pole, sawa unapanguza maganda. Halafu kitu ingine. Ndoto haitakupatia kile hakiko mu saki yako. Ile neno papa alisema, haukuisikia. Hapana ingoja. Ngoja uso." Saki ni gunia, naye alimaanisha yale niliyokwisha kuyaona na kuyasikia mwenyewe.

Mara ya pili nilisugua mikono. Barabara haikufifia. Nikashika sufuria kwa mikono miwili, nikaitua chini taratibu, hata harage moja halikumwagika. Shingo ilikuwa nyepesi. Nikageuka.

Alikuwa penye mlango, ufunguo mkononi, kofia nyuma ya kichwa. Chini ya kofia, uso: jino lililovunjika pembeni, ndevu za siku mbili, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Nilimtazama nikashiba. Sikumuuliza neno lile. Nikamwambia, "Aksanti, papa." Naye akanijibu alivyokuwa akinijibu siku zote nikichelewa mezani, "Enda, maharage itapoa."

Nilifika depo nimefunga mdomo, nikamwaga yote. Mjane alikuwa na ungo magotini, lakini mikono yake ilikuwa imesimama. Sikuwahi kuiona imesimama wakati wa kazi.

"Uligeuka namna gani?" akaniuliza. "Uliweka muguu gani mbele?"

Nikamtazama. Ndipo nilipoelewa kwamba swali lile halikuwa la mwalimu.

"Koko, weye haujafika?"

"Bado," akasema. "Mama yangu alinifundishaka. Mimi niko najaribu tangu binti yangu alinipotea mu njia ya Kasindi. Karibu miaka tano."

Miezi yote ile alikuwa amenielekeza njia ambayo yeye mwenyewe hakuwa amefika mwisho wake, na hakuwa amenionea wivu hata siku moja. Nililia pale pale juu ya kahawa ya watu. Kisha nikamwambia kila kitu, mguu, mabega, namna ya kutua mzigo, naye akanisikiliza kama mwanafunzi. Kutoka siku ile kila punje nyeusi tuliuliza wote wawili.

Mvua zilikuja, zikaisha. Asubuhi moja alichelewa, yeye ambaye hakuwahi kuchelewa. Akaingia bila kusalimia mtu, midomo imebana, nami nikajua, nikasogeza ungo wangu kando. Akakaa. Akanisogelea sikioni.

"Binti yangu amekuwa mukubwa," akasema. "Alibeba mutoto mu mugongo."

Mimi, mjinga, nikamkumbusha somo lake, maana hakuwahi kumwona binti yake akiwa na mtoto. "Lakini koko, ulisema ndoto haitoake kile hakiko mu saki."

"Ndiyo vile," akasema, akavuta ungo wake na kuanza kuchagua. "Ile matumaini ilikuwa mu saki. Nilikuwa sijafika chini."