Siku Niliyopindua Bimu Ipigwe Picha

Wacha niseme mwenyewe tu, maana Karungu yote inajua na mama yangu ameisimulia mpaka soko la Ndhiwa: mimi, injinia wa kusomea, nilivunja bimu yangu mbele ya kanisa zima kwa sababu nilitaka itoke vizuri kwa picha.

Kanisa letu lilikuwa linajengwa na kamati inasitasita kunipa kazi ya bimu, zile boriti za konkriti (waliniona utotoni nikikimbia ziwani bila viatu, utawaambia nini), basi nikasema nitamwaga moja ya majaribio, kompyuta imeshanionyesha itabeba mifuko ishirini ya simiti, njooni Jumapili mjionee. Fundi Owino, aliyejenga nusu ya nyumba za kwetu, akanisaidia. Nondo nene za chuma tukazilaza chini, kwa sababu bimu ikilemewa inapinda, upande wa chini unavutika, na konkriti peke yake ikivutwa inakatika kama biskuti.

Jumapili watu wakajaa, mama mbele kabisa na kitenge kipya. Nikaangalia ile bimu juu ya mawe yake mawili, nikaona upande wa juu una alama za mwiko, mbaya mbaya, na ule wa chini uliolalia mbao tulipomwaga ni laini, unang'aa. Nikaambia wanaume waigeuze, laini ikae juu. (Msicheke bado.)

Fundi akanisogelea polepole. "Nyar Karungu, binti wa kwetu, una uhakika inalala hivyo?"

"Fundi, kompyuta ilishapiga hesabu."

Akarudi nyuma hatua tatu, na hizo hatua zingeniambia kitu kama ningekuwa na akili siku hiyo.

Mfuko wa kwanza, makofi. Wa pili, makofi, na mimi natabasamu kwa simu ya mwenyekiti wa kamati. Wa tatu haukutulia hata, bimu ikakatika katikati, mifuko ikapasuka, vumbi likatufunika mimi na mwenyekiti na suti yake nyeusi mpaka tukafanana. Mama akajifunika uso na kitenge. Aibu niliyosikia, wacha tu.

Nikafungua laptopu hapo hapo, nikaipindua bimu kwa kompyuta, nondo zikae juu, ikaniambia mifuko miwili. Kumbe ilikuwa inajua, ni mimi sikuiuliza. Nikawaambia watu ukweli, kwamba bimu haikuwa na kosa, kosa ni langu, nikangoja kufukuzwa.

Mwenyekiti akajipangusa simiti machoni. "Tengeneza ingine. Lakini Owino ndiye atasema juu ni wapi."

Ya pili ilibeba yote ishirini na kazi nikapata. Siku hizi kabla konkriti haijakauka nachukua msumari naandika JUU mwenyewe, na picha sipigi tena, hata mkinilazimisha. Lakini mama hajasahau. Akinipakulia samaki anashikilia sahani kwanza, ananiuliza, "Injinia, huyu analala upande gani?"

Namwambia amuulize Fundi.