Mipira ya Marekani, kopo la Ujiji

Juzi sokoni Ujiji, redio ilitangaza kwamba timu moja ya Marekani, ya ule mpira wa kukimbia nao mkononi, inashukiwa kupunguza upepo kwenye mipira ili ishikike vizuri. Muuza dagaa akafoka, "Wezi wakubwa! Wafungiwe maisha!"

Mama aliyekuwa mbele yangu akalichukua kopo la kupimia la muuzaji, akaligeuza. Kitako kilikuwa kimebonyea ndani, karibu nusu ya kopo.

"Na hili, baba, limefanyaje?"

"Lilianguka, mama."

"Likaangukia nyundo?"

Tukacheka. Muuzaji akamwongezea konzi mbili haraka, kisha akanipimia mimi kwa kopo lilelile. Nikalipa, nikaenda nyumbani kuwalaani Wamarekani.